Mkono Ulio Karibu na Usukani

Kisiwa cha Chisenga kiko kusini mwa Ziwa Mweru, kwenye vinamasi ambamo mto Luapula hujigawa kabla ya kuingia ziwani. Anayekwenda huko hupanda mtumbwi au boti upande wa Nchelenge, na safari yake huamuliwa na upepo na kina cha maji. Shule ya urubani hakuna. Mtu akitaka kukiona kisiwa hicho kutoka juu, avione vijito vikipindana ndani ya mafunjo, lazima aanzie mbali, Ndola au Lusaka, akodi ndege ndogo ya viti vinne, na pamoja na ndege akodi mtu. Wengi huuliza bei ya ndege. Makala haya yanamhusu huyo mtu.

Ni mwalimu wa urubani. Ndege huweza kuruka na mgeni ndani yake kwa sababu yeye ameketi kiti cha kulia. Tangu Mkataba wa Chicago wa Desemba 1944, kila nchi inasimamia ndege zilizosajiliwa kwake na inaamua nani aziendeshe. Za Zambia zina alama 9J ubavuni, za Kenya 5Y, za Tanzania 5H. Mswahili aliyejifunza kuruka Muscat au London, akija likizo na leseni yake mfukoni, hapandi tu ndege ya 9J akaondoka. Leseni hiyo inapaswa kuthibitishwa na mamlaka ya nchi, na hilo lina karatasi zake, mitihani yake na siku zake. Mwenye likizo ya wiki moja hana siku hizo. Njia fupi iliyo halali ni kuruka na mwalimu. Hapo mbele ya sheria rubani mkuu ni mwalimu, na mgeni ni mwanafunzi, hata awe na saa elfu moja za kuruka kwao.

Ugumu wa kazi unaanzia hapo. Mwalimu amebeba dhamana yote ya safari, lakini aliyelipa anataka kuendesha. Itambidi amkabidhi ndege mtu aliyemfahamu asubuhi ileile, ambaye mikono yake hajawahi kuiona ikifanya kazi, na abaki tayari kuichukua tena ndani ya sekunde. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndani ya ndege ndogo methali hiyo hugeuka: mwenyeji ndiye amponyaye mgeni, na akiwa hodari mgeni hatajua alipona wakati gani.

Kazi huanza mezani, na ukiitazama juujuu utadhani ni maongezi ya chai. Umejifunza wapi? Ndege gani? Mara ya mwisho uliruka lini? Uwanja wa kwenu una urefu gani? Mwalimu anafunua daftari la saa za kuruka, anaangalia tarehe kuliko jumla. Mtu mwenye saa 60 aliyeruka wiki iliyopita anamtia wasiwasi mdogo kuliko mwenye saa 400 ambaye hajagusa ndege kwa mwaka mzima. Jibu la swali la uwanja analisubiri kwa makini zaidi, kwa kuwa aliyezoea kuruka pwani ana mazoea ambayo huku bara yatamgeuka.

Uwanja wa Ndola uko karibu mita 1,270 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi ya baridi ya Juni hilo si tatizo kubwa. Mchana wa Oktoba, joto likifika nyuzi 32, hewa hutanuka na kuwa nyepesi, na ndege hufanya kazi kana kwamba iko mita 2,200. Bawa linapata hewa kidogo ya kuegemea, rafadha inapata hewa kidogo ya kusukuma, na injini inapata hewa kidogo ya kuchomea mafuta. Ndege aina ya Cessna 172, ambayo katika usawa wa bahari huhitaji chini ya mita 300 za kukimbia ardhini kabla ya kuinuka, hapa itataka nusu zaidi ya hizo, na pengine zaidi. Yote haya yamo kwenye majedwali ya kitabu cha ndege. Mwalimu mzuri hayasomi mwenyewe. Anamsogezea mgeni kitabu na kalamu, anasubiri atafute safu sahihi, akague uzito wa watu na mizigo, aone mwenyewe kwamba watu wanne wanene na matangi yaliyojaa haviendi pamoja. Kukaa kimya huku mtu akitafuta kwenye jedwali kitu ambacho wewe unakijua kwa moyo ni sehemu ya ufundi huu. Anayekipata kwa kalamu yake hukikumbuka akiwa peke yake.

Kisha njia. Kutoka Ndola hadi Nchelenge ni kilomita 400 hivi ukinyosha rula kwenye ramani, na mgeni huinyosha. Mwalimu anamwachia mpaka mstari ufike, halafu anamwuliza mstari umepita nchi gani. Katikati ya Ukanda wa Shaba na mkoa wa Luapula pana ulimi wa ardhi ya Kongo ulioingia ndani ya Zambia, uliochorwa na Uingereza na Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold katika mkataba wa Mei 1894. Wenyeji huuita Pedicle. Magari hupita humo kwa barabara inayotoka Mufulira hadi Chembe, ambako tangu 2008 kuna daraja juu ya Luapula. Ndege nayo inahitaji ruhusa ya kuvuka anga la nchi nyingine. Bila ruhusa hiyo, rubani atazunguka mashariki hadi ncha ya ulimi, apande kaskazini, kisha aelekee Mansa na baadaye ziwani, na safari itapita kilomita 600.

Anga hili lina historia ya kuzunguka. Ndege iliyombeba Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld, ikaanguka karibu na Ndola usiku wa kuamkia 18 Septemba 1961, ilitoka Leopoldville kwa njia ndefu ya mashariki ili ikwepe Katanga, jimbo la Kongo lililokuwa limejitenga. Chanzo cha ajali ile kinabishaniwa hadi leo. Kwa rubani yeyote anayepanga safari kutoka Ndola, mpaka ule wa 1894 ungali unauma pale pale.

Mgeni akishakubali kuzunguka, hesabu ya mafuta inabadilika. Cessna 172 hunywa lita 34 hivi kwa saa na huenda karibu kilomita 200 kwa saa. Ikiwa matangi yana lita 200 zinazotumika, hiyo ni chini ya saa sita angani, bila kuweka akiba. Kwenda kwa njia ndefu ni saa tatu na ushei. Kurudi ni kiasi hichohicho. Hesabu haikubali. Itabidi mafuta yapatikane njiani, na mafuta ya ndege za pistoni hayapatikani kila penye kiwanja. Kuna walimu ambao wangemwambia mgeni hivyo tangu alipoingia mlangoni. Aliye bora anamwacha agundue kwa kugawanya na kuzidisha, kisha anamwonyesha namba za simu za kupiga. Baada ya saa moja mezani, mgeni aliyekuja na ndoto ya kisiwa ana mpango wa safari, na mwalimu ameshajua jambo alilokuwa akilitafuta tangu swali la kwanza: mtu huyu anapogundua kosa lake hufanya nini? Anasahihisha, anabisha, au anacheka? Jibu hilo litamsaidia angani kuliko idadi ya saa kwenye daftari.

Nje, kwenye ndege, mikono inachukua nafasi ya maneno. Mwalimu anakinga mafuta kidogo kutoka chini ya kila tangi ndani ya chombo cha kioo, anakiinua kwenye mwanga. Mafuta haya hutiwa rangi ya buluu ili yasichanganywe na mengine. Maji, yakiwamo, hukaa chini yakiwa hayana rangi. Anapitisha kidole kwenye ukingo wa rafadha akitafuta mikwaruzo ya kokoto, kwa maana viwanja vingi vya mikoani ni vya udongo na changarawe. Anachungulia kijineli kidogo chini ya bawa kinachopokea upepo na kuupeleka kwenye kipimo cha mwendo. Nyigu wa matope hupenda kujenga humo, na ndege iliyolala siku chache bila kifuniko inaweza kuamka haijui mwendo wake. Anafanya haya polepole, kwa mpangilio uleule, akizunguka upande uleule, hata ndege iwe imetua nusu saa tu iliyopita. Mgeni anafuata. Katika mwendo huo wa kuizunguka ndege hakuna anayezungumzia habari nyingine.

Halafu injini inawaka, na hapo ndipo mazoea ya pwani yanapojitokeza. Aliyejifunzia usawa wa bahari huacha kiasi cha mafuta kikiwa kimejaa wakati wa kuondoka, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa. Huku juu, mafuta hayo ni mengi mno kwa hewa iliyopo; injini inakohoa na nguvu zinapungua. Mwalimu anasubiri mgeni asikie mwenyewe mlio mzito. Asiposikia, anauliza, "Injini inakwambia nini?" Mgeni anavuta kidogo kitasa chekundu, mlio unachangamka, na hawezi tena kusahau.

Wakati wa kukimbia kwenye njia ya kurukia kuna mtego mwingine. Kipimo cha mwendo kinasoma namba zilezile za nyumbani, lakini katika hewa nyepesi ndege inayoonyesha mwendo huo kwa kweli inakwenda kasi zaidi, kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Ardhi inapita mbio pembeni, macho yanaambia mikono kwamba muda wa kuinuka umefika, na mikono inavuta. Ndege iliyovutwa mapema huinuka kidogo, kisha huning'inia bila nguvu ya kupanda. Mwalimu anaijua sekunde hiyo kabla haijafika. Viganja vyake viko juu ya mapaja, wazi, sentimita chache kutoka kwenye usukani wake. Anasema neno moja, "Subiri," kwa sauti ya mtu asiye na haraka. Mgeni anasubiri. Ndege inaondoka yenyewe.

Sentimita hizo chache ndizo ninazozistaajabia. Ndege za mafunzo zina sukani mbili na pedali jozi mbili zilizounganishwa. Anachofanya mmoja, mwingine anakihisi. Mwalimu akiushika usukani muda wote, mwanafunzi anaruka ndani ya mikono ya mtu mwingine na hajifunzi chochote. Akiuachia kabisa, siku moja atachelewa. Kwa hiyo anakaa kama nahodha mzee aliyempa kijana usukani wa jahazi akajifanya anatengeneza kamba, huku miguu yake ikisikiliza mbao. Macho yake hayako kwenye vipimo tu. Anamtazama mgeni anatazama wapi. Anayekodoa macho kwenye vipimo vya mbele, mwalimu anajua kwamba baada ya dakika moja ndege itaanza kuyumba, kwa maana jicho limeacha upeo.

Na ipo lugha ya kupokezana ambayo haina utani. "Usukani ni wako." "Usukani ni wangu." "Usukani ni wako." Mara tatu, kwa sauti, kila unapobadilisha mikono. Kanuni hii ipo kwa sababu ndege zimewahi kuanguka zikiwa na marubani wawili, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye anayeendesha. Mwalimu huisema hata kwa mgeni mwenye saa elfu, hata kwenye hewa tulivu, hata kwa sekunde kumi za kukunja ramani.

Ukishapita Mansa na kuelekea kaskazini, nchi inalala. Luapula iko kushoto na ndio mpaka. Ng'ambo ni Kongo. Vinamasi vinapanuka, vioo vya maji vinaonekana kati ya mafunjo, likiwemo ziwa dogo la Mofwe karibu na Mwansabombwe, makao ya mtawala wa jadi, Mwata Kazembe, ambako kila Julai huchezwa ngoma ya Mutomboko. Hapa mwalimu mwenyeji anakuwa na thamani ambayo ramani haiwezi kuinunua. Bila kutoa ishara anapunguza nguvu za injini hadi mwisho na kusema, "Injini imezimika." Ni zoezi, kila mwanafunzi duniani hulifanya. Mgeni anaweka mwendo wa kuteleza, anatafuta pa kutua, na jicho lake linakwenda kwenye uwanda wa kijani uliolala kama umepigwa pasi. Ni dambo, bonde la nyasi linalokaa na maji chini yake karibu mwaka mzima. Gurudumu la mbele likizama humo, ndege inapinduka. Shamba la mihogo lenye matuta pale pembeni lina sura mbaya zaidi na lingewaweka hai. Na panapoonekana wazi kabisa, mwalimu anamwonyesha vivuli vidogo vya duara: vichuguu, vingine virefu kuliko mtu. Yeye alikuwa ameshachagua mahali pake kabla hajagusa kitasa cha nguvu. Kamwe haanzishi zoezi hilo pasipo na jibu chini.

Kisha ziwa. Mweru lina ukubwa wa kilomita za mraba 5,000 na ushei, urefu wa kilomita zaidi ya 130, na upana wa kilomita 50 hivi penye kifua chake. Kusini, upande wa Chisenga, ni la kina kifupi. Kaskazini linafika mita 27, hadi Pweto ambako maji hutokea kwa mto Luvua. Mgeni anataka kukata katikati, kutoka Nchelenge hadi Kisiwa cha Kilwa na milima ya Kongo nyuma yake. Mwalimu anamrudishia hesabu nyingine. Ndege hii, injini ikizima, husogea mbele mita 9 kwa kila mita moja inayoshuka. Ikiwa mita 1,500 juu ya maji, itafika kilomita 13 na nusu. Katikati ya ziwa penye upana huo, ufuko uko kilomita 25. Ili uweze kurudi nchi kavu kutoka pale, unahitaji mita 2,800 juu ya maji, na maji yenyewe yako karibu mita 920 juu ya bahari. Jumla inapita mita 3,700, kimo ambacho ndege hii hukifikia kwa taabu. Kwa hiyo wanafuata ufuko. Mgeni aliyetaka ziwa lote analiona nusu, na anajua kwa namba kwa nini.

Maji yana udanganyifu mwingine ambao hesabu haiufichui. Kuanzia Agosti hadi Oktoba, moshi wa mashamba ya chitemene, ambapo matawi hukatwa, kurundikwa na kuchomwa ili majivu yarutubishe udongo, hutanda juu ya Luapula nzima. Asubuhi isiyo na upepo, ziwa linakuwa kioo cha kijivu, moshi unakuwa kijivu hichohicho, na mstari kati ya maji na mbingu unapotea. Mitumbwi ya Washila na wavuvi wengine inaonekana kama imening'inia hewani. Rubani asiye na mstari wa upeo huanza kuegemea upande mmoja bila kujua, na mwili wake humwapia kwamba yuko sawa. Mwalimu anaona bawa linashuka polepole. Anahesabu kimoyomoyo. Hagusi usukani. Anauliza tu, "Vipimo vinasemaje?" Mgeni anarudisha macho ndani na kushtuka: ndege imeinama nyuzi 20. Hofu hiyo ndogo, iliyopatikana kukiwa na mtu pembeni, ni dawa. Angeipata peke yake, ingekuwa habari nyingine.

Kwamba mwalimu huacha kosa likue hadi kipimo fulani si jambo jipya katika anga letu. Mwaka 1929, Florence Kerr Wilson, mjane aliyekuwa akiishi Kenya, alianzisha Wilson Airways mjini Nairobi pamoja na rubani Tom Campbell Black. Uwanja uliotumiwa na kampuni hiyo, mita 1,690 juu ya bahari, tangu 1962 unaitwa Wilson kwa heshima yake, na ungali ndio kitovu cha ndege ndogo na shule za urubani Afrika Mashariki. Campbell Black alimfundisha kuruka Beryl Markham, aliyekulia Njoro. Katika kumbukumbu zake zilizotoka 1942, Markham anasimulia siku alipoelekeza ndege kwenye milima ya Ngong bila kujua kwamba upepo unaoshuka upande ule ungeikandamiza. Mwalimu wake aliona na akanyamaza. Aliichukua ndege pale tu ambapo kungoja zaidi kungekuwa ujinga, kisha akamweleza kilichotokea. Angeweza kumwonya mapema. Lakini onyo la maneno lisingefika mahali pale ulipofika mlima.

Mwanafunzi huyo, tarehe 4 Septemba 1936, aliondoka Abingdon, Uingereza, akavuka Atlantiki peke yake kuelekea magharibi, kinyume cha upepo, na baada ya zaidi ya saa 20 injini ilipokata alitua kwenye tope la Cape Breton, Kanada, akatoka hai. Siku 15 baadaye mwalimu wake, aliyekuwa pia ameshinda mashindano ya London hadi Melbourne ya 1934, alifariki kwenye uwanja wa Speke, Liverpool, ndege ya kijeshi ilipoigonga yake ikiwa ardhini. Jina linalokumbukwa zaidi ni la mwanafunzi. Ndivyo kazi hii ilivyo: tunda lake huiva kwenye mti wa mtu mwingine.

Lakini subira ya Campbell Black haifai kuigwa kwa macho yaliyofumbwa. Kipimo cha kosa linaloachwa kikue hutegemea kimo, hewa, na mtu. Juu, penye mita elfu za akiba, mwalimu anaweza kunyamaza sekunde kumi. Karibu na ardhi hana hata mbili. Kutua ndiko kunakomfunua fundi wa kweli, kwa sababu hapo makosa yote madogo ya mgeni hufika kwa pamoja. Aliyezoea njia pana ya lami ya uwanja wa kimataifa, akikiona kiwanja chembamba cha udongo, jicho lake humdanganya kuwa yuko juu mno, naye hushusha ndege chini kuliko inavyopasa, kuelekea kwenye miti ya mwanzo wa kiwanja. Mwalimu anajua udanganyifu huo kwa jina na kwa tabia. Anampa mgeni kitu cha kutazama: kichwa cha kiwanja kisipande wala kushuka kwenye kioo. Katika mita za mwisho, mgeni anapovuta usukani kwa kishindo, kidole kimoja cha mwalimu kinaugusa kwa chini na kuuzuia usirudi nyuma zaidi. Kidole kimoja. Gurudumu linagusa udongo kwa mlio mwepesi, na mgeni anaamini ametua mwenyewe. Mwalimu hatamwondolea imani hiyo uwanjani. Atairekebisha mezani.

Mezani, baada ya injini kupoa, swali la kwanza ni la mgeni kujijibu: "Umeonaje?" Mwalimu mchanga hufungua daftari na kusoma makosa kumi na mawili. Mwalimu aliyekomaa anachagua moja, lile ambalo likirekebishwa litavuta mengine nyuma yake, na analisema kwa sentensi mbili. Halafu anaandika saa kwenye daftari la mgeni, anatia sahihi na namba ya leseni yake. Sahihi hiyo ni ahadi kwa kila mwalimu atakayelisoma daftari hilo baadaye, Mombasa au Manchester, kwamba kilichoandikwa ndicho kilichofanyika.

Kwa watu wa ufuko wa Mweru, ndege ndogo ni zaidi ya matembezi ya wageni. Zambia ina huduma ya madaktari wa ndege tangu miaka ya 1960, makao yake Ndola, kwa ajili ya jamii zilizo mbali na hospitali kubwa, kama ilivyo kwa madaktari warukao wa AMREF walioanza kazi kutoka Kenya mwaka 1957. Kila rubani anayetua na daktari kwenye kiwanja cha udongo jioni, jua likiwa limebakiza dakika chache na utusitusi wa tropiki ukiwa mfupi, aliwahi kuwa mwanafunzi aliyetaka kuvuta mapema, na kando yake alikuwapo mtu aliyesema "Subiri." Usione vyaelea, vimeundwa, na vinavyoruka navyo vimeundwa, rubani akiwamo.

Msomaji atakayejaliwa kukodi ndege ugenini, iwe Lusaka, Ndola, Wilson au kokote duniani, azingatie mambo matatu. Aje asubuhi, kabla joto na mawingu havijapanda. Aseme kweli kuhusu mara ya mwisho aliporuka, kwa kuwa mwalimu ataijua hata hivyo ndani ya dakika tano, na heri aijue wakiwa bado ardhini. Na asikubali ofa ya kupunguziwa bei kwa kuacha ile saa ya maandalizi mezani. Ndege inaweza kukodiwa popote, lakini kinacholipiwa hasa ni busara ya mtu aliye kiti cha kulia, na sehemu kubwa ya busara hiyo hutolewa kabla injini haijawaka.